Damu Kiasi Gani?

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuamua watazamaji waone damu kiasi gani. Nilikuwa mhariri wa picha kwenye dawati la habari za kimataifa. Picha ghafi zilimiminika kutoka mashirika ya habari, nyingine zimetanguliwa na onyo, nyingine zinakuvamia tu, nasi tulizipitia moja moja kabla ya taarifa ya jioni. Ukiona kwenye taarifa gari lililoungua, limepigwa picha kwa mbali, na kando yake shuka limetandazwa barabarani, ujue kuna mtu aliyetazama yale ya kabla ya shuka. Mtu huyo nilikuwa mimi, na kwenye kiti cha pili alikaa Mzee.

Ndivyo tulivyomwita, kwa umri na kwa heshima. Yeye aliniita binti, hata baada ya mimi kupandishwa kuwa mkuu wa zamu. Msimamo wake haukuhitaji kuulizwa mara mbili. Angepewa rungu, angefungia filamu za mauaji, michezo ya kompyuta ya kupigana risasi na nusu ya vilivyomo mitandaoni, kisha angelala usingizi mnono. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili. Niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba mtu mzima hapangiwi na serikali cha kutazama, na kwamba vita vikishasafishwa kwenye televisheni huwa uongo. Basi tukabishana zamu baada ya zamu, mara nyingine mpaka wenzetu wanatufungia mlango. Siku hizi nawasikia watu wakigombana kuhusu kudhibiti maudhui ya ukatili kana kwamba ni jambo moja lenye jibu la ndiyo au hapana, nami hukumbuka kwamba mle chumbani tulipobishana vizuri hatukuwa tunabishania udhibiti. Tulibishania kipande hiki, cha sekunde hizi, kilicho mbele yetu, na saa ya kurusha matangazo inakaribia.

Nianze na sauti, maana ndiko Mzee aliponinyamazisha mara ya kwanza. Tulikuwa tunatengeneza taarifa ya jengo la makazi lililopigwa bomu. Nilichagua kipande cha mwanamke anayekimbilia kwenye kifusi. Hakuna maiti, hakuna damu, na uso wenyewe umefichwa na vumbi. Kwa mwongozo wowote ulioandikwa, kipande kile kilikuwa safi. Mzee akavua hedifoni zake akanivalisha mimi. "Fumba macho, binti, usikilize." Yule mama alikuwa anaita jina. Anaita, anangoja, anaita tena, na kila akingoja unasikia kokoto zikiteleza. "Macho mtu huyafumba," Mzee akasema. "Masikio atayafumba na nini?" Tukaiacha picha, tukaondoa sauti, mwandishi akasoma maelezo yake juu ya ule ukimya. Tangu hapo nikisikia kamati inapima ukatili kwa kuhesabu damu, najua haijawahi kukaa kwenye dawati la picha.

Alikuwa pia na ugomvi na ukungu, ule tunaouweka kuziba nyuso na majeraha. Mimi niliuona ukungu kuwa maafikiano mazuri. Yeye kila mara aliuliza: unamkinga nani, aliyekufa au anayetazama? Kama unamkinga aliyekufa, uso uzibwe hata ukiwa hauna jeraha, maana ndugu zake huenda hawajapewa habari. Kama unamkinga anayetazama, basi ujue akili yake itajaza pale palipozibwa, na itajaza vibaya kuliko palivyo. Ukishindwa kusema unamkinga nani, kipande kitoke. Sijaona mwongozo wa chombo chochote uliolieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Karata yangu kubwa ilikuwa Emmett Till. Mwaka 1955 kijana huyo mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago alikwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, akadaiwa kumkosea adabu mwanamke wa kizungu dukani, akachukuliwa usiku na kuuawa. Mwili wake ulipotolewa mtoni haukutambulika. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu waone walichomfanyia mwanawe. Maelfu walipita mbele ya jeneza lile, na jarida la Jet likachapisha picha ya uso wa kijana jinsi ulivyokuwa. Washtakiwa waliachiwa na jopo la wazee wa baraza, wote wanaume, wote wazungu, lakini picha ilikuwa imeshatoka, na wanaharakati wengi wa haki za weusi wa kizazi kile wameeleza kwamba iliwabadilisha. Nilimwambia Mzee: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungekuwa wewe mhariri wa jarida lile, ungeweka ukungu wako na watu wangeendelea na shughuli zao.

"Binti," akasema, "uamuzi ule aliutoa mama mtu." Akaelekeza kalamu kwenye skrini, kwa miili iliyokuwa imepangwa kwenye ua wa hospitali fulani siku hiyo. "Wewe ni mama wa nani hapa?"

Swali hilo lilibadilisha utaratibu wangu wa kazi kuliko semina zote nilizopelekwa. Nilianza kuuliza nani alishika kamera, na waliokuwa karibu na maiti walikuwa wanafanya nini kamera ilipofika. Baba akimwinua mwanawe mwenyewe kuielekezea kamera huku akipaza sauti dunia ione, huyo ameshaamua, na kumficha ni kumnyamazisha kwa mara ya pili. Hapo Mzee alinikubalia, shingo upande, lakini alikubali. Daktari akiizuia lenzi kwa kiganja, naye ameamua. Matukio mengi yako katikati ya hao wawili, na hapo katikati ndipo tulipopoteza sauti zetu.

Mwaka 2016 nikapata karata nyingine. Facebook iliondoa ile picha mashuhuri ya vita vya Vietnam ya mwaka 1972, ya msichana wa miaka tisa, Kim Phuc, akikimbia uchi barabarani baada ya napalm, bomu la moto linaloganda mwilini, kuunguza nguo na ngozi yake. Mwandishi wa Norway aliichapisha, ikafutwa. Mhariri wa gazeti la Aftenposten akamwandikia Mark Zuckerberg barua ya wazi. Waziri Mkuu wa Norway, Erna Solberg, akaichapisha yeye, ikafutwa pia, hadi kelele zilipozidi kampuni ikairudisha. Nilimpelekea Mzee habari hiyo nikiwa na uhakika kwamba siku hiyo nimemshika. Akacheka mpaka akavua miwani. "Hawa hawakukataa ukatili. Wamekataa uchi. Napalm imewapita hawakuiona."

Upande wa filamu na michezo ulikuwa mgumu zaidi kwetu, kwa sababu pale hakuna maiti wa kweli wa kumheshimu wala mama wa kuulizwa. Mzee alikuwa na hoja yake ya kila siku: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayelelewa na michezo ya kuua asitegemewe kukua akipenda uhai. Mimi nilimjia na historia. Waliowahi kupewa rungu, nikamwambia, tunajua walilitumiaje. Sinema za Hollywood zilikuwa na kanuni zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kubanwa sawasawa mwaka 1934, hadi madaraja ya umri yalipochukua nafasi yake mwaka 1968. Kanuni zile zilizungumzia namna ya kuonyesha mauaji, ndiyo, lakini ndani yake kulikuwa pia na marufuku ya mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Mwaka 1954 ikaja zamu ya vitabu vya katuni. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, aliwashawishi wazazi na maseneta wa Marekani kwamba katuni za uhalifu na za kutisha zinazalisha wahuni, na wachapishaji kwa woga wakajitungia kanuni. Katuni isitumie neno la kutisha kwenye jina lake; wema ushinde kila mara; na, hapa nilimsomea Mzee polepole, polisi, mahakimu na viongozi wa serikali wasionyeshwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Damu iliingiaje kwenye heshima ya polisi? Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyezipitia karatasi za Wertham zilipofunguliwa, alionyesha kwamba daktari yule alikuwa amebadilisha na kuchanganya maelezo ya watoto aliowatumia kama ushahidi.

Uingereza nako walikuwa na kelele zao kuhusu kanda za video za ukatili, wakatunga sheria ya kuzidhibiti mwaka 1984. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba serikali haikuwa imeiarifu Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa, kwa hiyo kwa miaka 25 watu walishtakiwa kwa sheria isiyoweza kutekelezwa. Ikabidi ipitishwe upya mwaka 2010. Hilo Mzee alilipenda kwa ucheshi wake tu.

Kuhusu utafiti nilijitahidi kuwa mkweli, maana ndiko watu wa upande wangu wanakopenda kudanganya. Mwanasaikolojia Albert Bandura pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1961 aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa, na wengi wakaiga, hadi maneno aliyoyatamka. Hilo lilitokea, huwezi kulipuuza. Lakini mwanasesere yule ametengenezwa apigwe ainuke, na mtoto anayempiga ndani ya chumba cha majaribio hajamdhuru mtu. Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, wakiwa wametangaza mapema watakachopima ili wasije wakachagua majibu, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya ukatili na ukorofi wa vijana hao. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, ila hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha michezo hiyo na uhalifu wa kumwaga damu. Nilimweleza Mzee yote mawili, la kufoka na la uhalifu.

Akanisikiliza hadi mwisho, jambo aliloliweza kuliko mimi. Kisha akauliza swali ambalo naona kila mtetezi wa uhuru wa picha angepaswa kuulizwa kabla hajapewa kipaza sauti. "Jana umeniambia picha moja ya kijana kwenye jeneza iliigeuza nchi nzima. Leo unaniambia picha elfu za kuua hazimfanyi mtoto chochote. Picha zina nguvu au hazina? Chagua."

Nilikaa na swali hilo kwa muda mrefu, na jibu nililolipata silo lililonifurahisha. Picha zina nguvu. Ila picha ya Till haikufika peke yake: ilifika na jina, na mama, na mazishi, na kesi iliyokuwa inaendelea, na watu waliokuwa tayari wanaonewa na sasa wana cha kushika mkononi. Mchezo wa risasi unafika na pointi na marafiki wa kucheza nao. Kinachoizunguka picha ndicho kinachoamua itafanya kazi gani. Ndiyo maana utafiti unaonishawishi zaidi ni wa George Gerbner, aliyechunguza televisheni kwa miaka mingi na kuona kwamba wanaotazama sana huelekea kuuona ulimwengu kuwa mahali pa hatari kuliko ulivyo. Madhara aliyoyaona yeye ni woga. Mtu mwenye woga hupiga kura kwa woga na hulea kwa woga, na sioni bodi ya filamu inaweza kufungia nini hapo, ikiwa taarifa ya habari yenyewe, ile tuliyokuwa tunaitengeneza sisi, ni sehemu ya mlo huo.

"Kwa hiyo umekubali inafundisha," Mzee akasema.

Nilikubali. Nilichokataa ni dawa yake. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, kwa kura saba dhidi ya mbili, ilifuta sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto michezo ya ukatili, na Jaji Antonin Scalia akakumbusha kwamba hadithi za ndugu Grimm tunazowasomea watoto zina macho yanayodonolewa na njiwa na mchawi anayesukumiwa ndani ya tanuri. Hoja nzuri. Lakini Jaji Stephen Breyer, mmoja wa wale wawili, aliuliza inakuwaje sheria imzuie mtoto wa miaka 13 kununua jarida lenye mwanamke uchi, halafu imlinde akinunua mchezo ambamo anamfunga kamba mwanamke huyo, anamtesa na kumuua. Nilipolisoma hilo nilimsikia Mzee kabisa: napalm imewapita.

Tulikuwa na eneo moja ambalo mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko yeye. Nikisikia watu wanasema "maudhui ya ukatili", ninachokiwaza kwanza hakikuwa na picha hata moja. Kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, kikiwa na muziki mzuri, mizaha na watangazaji waliochangamka. Mwaka 1994 kikahimiza Watutsi wauawe, kikataja watu kwa majina na mahali walipo. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa walikufa watu wapatao 800,000. Marekani ilishauriwa ivuruge mawimbi ya kituo hicho ikakataa, na miongoni mwa sababu zilikuwa gharama na hofu ya kuvunja sheria za kimataifa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwezi Desemba 2003, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mimi, ninayepinga kufungia filamu, ningeizima redio ile siku ya kwanza ilipotaja jina la mtu wa kuuawa, na nisingesubiri kikao. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, unaolinda uhuru wa kujieleza katika ibara ya 19, unadai katika ibara ya 20 kwamba uchochezi wa chuki wa aina hiyo upigwe marufuku kisheria. Kuonyesha ukatili na kuuagiza ni mambo mawili, na bodi nyingi za udhibiti nilizosoma habari zake zilikaza macho kwenye la kwanza.

Kisha ikaja Machi 15, 2019, Christchurch, New Zealand. Mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili na kurusha moja kwa moja kwenye Facebook dakika 17 za mauaji hayo. Waliotazama wakati yanarushwa hawakufika 200. Ndani ya saa 24 kampuni ikasema imeondoa nakala milioni 1.5, nyingi kati yake zikiwa zimezuiwa wakati zinapandishwa. Kijana mmoja wa dawati letu alitaka tutumie fremu ya mwanzo tu, muuaji akiwa bado ndani ya gari, hakuna aliyeumia bado. Mzee akakataa kwa ajili ya marehemu. Mimi nikakataa kwa sababu nyingine: muuaji alikuwa ameshafanya kazi yetu. Kamera aliiweka kichwani, pembe aliichagua ifanane na mchezo wa kompyuta, na muda wa kuanza aliupanga. Fremu yoyote ya video ile, hata ya usukani, ilikuwa tangazo lake. Tulifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na yule kijana akanung'unika kwamba tumemfanyia udhibiti. Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumefanya udhibiti, kama tulivyofanya kila jioni.

Baadaye nilialikwa kuzungumza na wazazi kuhusu watoto na skrini. Nikasema napendelea madaraja ya umri na malezi kuliko kufungia. Mama mmoja akasimama kabla sijamaliza. "Nyinyi watetezi wa uhuru mngekuwa na watoto mngenyamaza." Ukumbi ukapiga makofi. Nilijifunza kwa Mzee kwamba mtu akija na hasira namna hiyo, takwimu hazimsaidii. Nikamuuliza: mama, ni kipi alichokiona? Akakaa kimya kidogo. Kisha akaeleza kwamba mwanawe alitumiwa na mwanafunzi mwenzake video ya mtu anachinjwa, mtu kweli, wala haikuwa filamu, na kwa wiki kadhaa alikuwa halali bila taa. Marufuku ya michezo na filamu aliyokuja kuidai isingeigusa video ile. Tulipoanza kuzungumzia hiyo yenyewe, nani aliituma, inafikaje kwenye simu, mtoto amwambie nani, hapakuwa tena na upande wake na upande wangu.

Ningependa kusema inakuwa hivyo kila mara, lakini siku hiyo hiyo kijana mmoja alisimama akasema kisiondolewe chochote, popote, kwa yeyote. Nikamuuliza vilevile: hata video ya Christchurch? Akafikiri kwa dhati, akasema hata hiyo, kwa sababu inayofichwa hutafutwa, na inayotafutwa hupatikana kwenye vichochoro vibaya zaidi. Sikukubaliana naye na sikubaliani naye leo. Wazazi walimzomea, ikabidi niwaombe wamwache amalize, maana ni mmoja tu aliyesema jambo lile ukumbi mzima, na mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba wanadamu wote hawana haki ya kumnyamazisha mtu mmoja zaidi ya ile ambayo mtu huyo angekuwa nayo ya kuwanyamazisha wao. (Mtu akasimama kunukuu ile kauli ya Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa, ya kupinga usemalo lakini kutetea hadi kufa haki yako ya kulisema. Sikutaka kumharibia, ila sentensi ile aliiandika mwandishi Evelyn Beatrice Hall mwaka 1906, akieleza mtazamo wa Voltaire.) Kuvumilia maoni ya mtu anayekuja kukubaliana nawe hakuhitaji uvumilivu. Hata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyotamka mwaka 1976 kwamba uhuru wa kujieleza unalinda pia mawazo yanayoudhi, kushtua au kusumbua, iliishia kwenye kesi ile ile kuiruhusu Uingereza ikamate kitabu kilicholalamikiwa. Hata wanaoitamka haki hiyo vizuri, kuitenda huwashinda.

Mzee alistaafu, nami nimeshaondoka kwenye dawati lile, lakini mabishano yamehamia kwenye simu. Kuna moja amenivuta kabisa upande wake: video zinazojicheza zenyewe. Agosti 2015 mwandishi na mpiga picha wa televisheni waliuawa Virginia wakiwa hewani, muuaji akaipandisha mtandaoni video aliyoichukua mwenyewe, na watu wengi waliiona kwa sababu tu walikuwa wanapitisha kidole. "Wewe unatetea haki ya mtu kuchagua," Mzee aliniambia. "Hawa walichagua saa ngapi?" Sina la kumpinga. Sheria itakayosema video ya kifo cha kweli isijiwashe mpaka mtu aibonyeze mwenyewe, nitaiunga mkono kwa mikono miwili.

Tunapogongana sasa ni kwenye hifadhi. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya, ikitegemea kwa sehemu kubwa video za watu wakiuawa zilizokuwa zimesambazwa mitandaoni. Mwaka huo huo mashine za YouTube, zikisaka propaganda za kigaidi, zilifuta maelfu ya video za vita vya Syria, na nyingi kati yake zilikuwa zimepigwa na watu waliotaka ushahidi usipotee. Mimi nasema kinachoondolewa hadharani kihifadhiwe, na milango iwe wazi kwa mahakama, kwa waandishi na kwa familia. Mzee anataka mahakimu peke yao. Juzi ameniuliza: ikiwa kwenye video moja wameuawa watu wawili, mama wa mmoja anataka dunia ione na mama wa mwingine anataka ifutwe isionekane tena, hifadhi yako itamtii nani? Nimemjibu kwamba video ibaki, na yule ambaye mama yake amekataa azibwe uso. Amenirudishia maneno mawili, "Ukungu tena," na sasa mimi ndiye ninayedaiwa jibu.